Faini ya Kusimama

Ndani ya pikapu ya Mama Harusi watu hawakuongea kama kuna kioo nyuma. Redio ilizimwa, simu zilitiwa mfukoni, na ukishikwa na kikohozi ulikohoa kwa adabu. Kioo kinachotaka kuanguka hutoa taarifa kwanza, ndivyo alivyokuwa akisema. Kabari ya mbao ikichomoka kidogo tu, kioo kitagusa fremu na kutoa mlio mwembamba, kama kijiko kilichogusa ukingo wa bilauri. Ukiusikia, unasimama. Hutafuti kivuli, husubiri ufike konani. Unasimama hapohapo, unashuka, unakaza kabari, ndipo unaendelea na safari yako.

Jina la Mama Harusi alipachikwa na madereva wa mji ule kwa kejeli, kwa sababu alivyoendesha ungedhani amembeba bi harusi na shela lake linaburuzika nje. Walimpigia honi, wakampita huku wakimwimbia vigelegele dirishani. Yeye akalipokea jina kama mtu aliyepewa zawadi. Alisema bi harusi wake akivunjika hakuna fundi wa kumshona.

Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki aliacha karakana ya vioo chini ya nyumba, mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa bado anasoma, na pikapu ambayo mama huyo hakuwahi hata kukaa kwenye kiti chake cha dereva. Ndugu wa mume walikuja kumshauri aiuze. Aliwasikiliza wote, akawapa chai, akawasindikiza mpaka barabarani, kisha akarudi akaenda kujiandikisha kujifunza udereva. Kwa usukani ule alimsomesha mwanawe mpaka alipokuja kuwa fundi wa kukata vioo, na kwa usukani uleule akamwozesha.

Mwanamke aliyeolewa hapo alikuwa kijana wa maneno machache. Wageni wakimsalimia alijibu akitazama vidole vyake. Kazi aliyopewa mwanzoni ilikuwa kufagia vipande chini ya meza ya kukatia na kupaka puti kwenye fremu za madirisha, na aliifanya kimyakimya hivi kwamba mumewe alikuwa akigeuka na kushtuka kumkuta nyuma yake. Lakini mama mkwe alimwona. Siku moja alimwita, akamwonyesha ufunguo wa gari na kumwambia apande.

Alimfundisha kwa namna yake. Alichukua kioo kibovu cha mlango wa kabati, akakisimamisha kwenye fremu ya mbao nyuma ya pikapu, akalegeza kabari makusudi, halafu akamwambia mkwe wake azunguke mtaani na asimame kila kitakaposema. Majirani walitoka kutazama gari linalokwenda hatua mbili na kusimama, linakwenda tena na kusimama, wakadhani limekufa injini. Binti yule aliona haya mpaka shingo ikauma kwa kuinamisha kichwa. Hata hivyo siku zilipopita alianza kuutambua mlio ule katikati ya honi na kelele za matofali yanayoshushwa, kama mama anavyotambua kilio cha mwanawe kwenye uwanja uliojaa watoto. Akapata leseni. Mama mkwe aliishika ile leseni kwa ncha za vidole, akaipulizia vumbi ambalo halikuwepo.

Asubuhi ya mkasa wenyewe walikuwa wanapeleka kioo cha mbele cha duka la dawa, kipande kikubwa ambacho mume mtu alikikata jasho likimtoka. Mkwe ndiye aliyeendesha. Mama mkwe alikaa pembeni yake, amepakata boksi la mirija ya silikoni, gundi ya kuzibia kingo za kioo, kwa mikono miwili, maana lilikuwa limechanika chini. Walipita mbele ya hospitali. Pale langoni pana tuta, na baada ya tuta pana kibao kinachokataza gari lolote kusimama, ili magari ya wagonjwa yapate nafasi ya kuingia.

Pikapu ilishuka tuta polepole, na mara baada ya tairi la nyuma kugusa lami mkwe akausikia mlio.

Akasimama.

Mama mkwe alimgeukia, macho yake yakiuliza. Kabla hata mlango haujafunguliwa, askari wa usalama barabarani alikuwa ameshafika dirishani. Alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake vinang'aa. Aliuliza kwa upole tu kama dereva anajua kusoma, na kama anajua, basi kile kibao kimeandikwa nini.

Mkwe alijaribu kusema. Maneno yalitoka nusunusu: kioo, kabari, mlio. Askari alitega sikio, akasikia honi za walio nyuma, akamgeukia mama mtu mzima aliyekaa pembeni.

"Mama, na wewe umesikia hicho kioo kikilia?"

Mama Harusi hakuwa mtu wa kusema uongo. Hata wateja waliomwomba awape risiti zilizoongezwa chumvi aliwarudisha na maneno yao.

"Sikusikia kitu," alisema.

Askari akaandika faini, akaandika pia kwamba aliyekuwa pamoja na dereva anasema hakusikia mlio wowote, akaikata karatasi na kumpa mkwe. Akaamuru gari liondoke, kisha akakimbia kwenda kulifungulia njia basi lililokuwa limekwama nyuma yao. Mama mkwe aliweka boksi chini, akashuka haraka haraka. Mkwe naye akashuka. Wote wawili waliiona kabari ya chini imechomoka, imebaki kuning'inia kwa ncha, na kioo kimeegemea upande wa watu wanaopita. Mama mkwe aliirudisha kwa kiganja na kuigongelea kwa kisigino cha kiatu.

Kazi ya duka la dawa waliimaliza vizuri, mwenye duka akasifu. Wakati wa kurudi gari lilikuwa tupu, na kwa kawaida hapo ndipo mama mkwe alipofidia ukimya wote wa kwenda. Angesema umbea wa mtaa mzima, angewacheka waliomwimbia vigelegele, angemwambia mkwe wake kwamba pale konani amekata kama anakata keki. Siku hiyo alitazama nje mpaka wakafika nyumbani.

Mume alipoiona karatasi ya faini juu ya meza ya kukatia alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya upande wa mkewe. Alisema hiyo faini inapingwa, tena asubuhi na mapema. Gari linaruhusiwa kusimama popote kama mzigo umelegea, hilo kila mbeba mzigo analijua. Leseni ya mkewe ilikuwa mpya kabisa, kwa nini iingie doa kwa kufanya jambo la haki? Ilikuwa kwenda tu kwenye ofisi ya malalamiko, mkewe aeleze, na mama athibitishe kwamba kabari ilikuwa imetoka.

"Tulipe tu," alisema mkewe.

Mume alimtazama, kisha akacheka. Akasema anajua, ni woga wa kuongea mbele za watu, lakini huko hakuna mkutano wa hadhara, ni meza na mtu mmoja tu. Mke aliacha adhani hivyo. Ilikuwa rahisi kudhaniwa mwoga, maana kwa kiasi fulani ilikuwa kweli, na chini ya woga huo angeweza kuficha alichokiona.

Alichokiona kilikuwa kimejiunga polepole tangu walipotoka hospitalini. Kwanza ule mlio haukuwa mdogo. Kabari ilikuwa imetoka karibu yote, kioo kiligonga mbao kwa nguvu, na masikio yaliyomfundisha yeye hayakuupata. Pili alikumbuka jinsi mama mkwe alivyokuwa akiendesha miezi ya karibuni: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ameurudisha nyuma, kiganja kimebanwa kwenye bati linalotenganisha kiti na mzigo. Mkwe alikuwa amedhani ni bega linauma. Sasa alielewa. Mama mkwe alikuwa anasikiliza kwa kiganja. Na asubuhi ile viganja vyote viwili vilikuwa vimeshika boksi la silikoni.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Wakienda kupinga, mama ataulizwa kama kulikuwa na mlio. Akisema ulikuwepo, amejikanusha, na hilo hatalifanya hata kwa kufungwa kamba. Akisema hakuusikia na kabari ilikuwa nje, mtu yeyote mwenye akili zake atauliza kwa nini hakuusikia. Baada ya hapo usukani ungeondoka mikononi mwake, usukani uliomlea mwanawe na kuwashinda shemeji zake wote. Mkwe akaona bora doa likae kwenye leseni yake. Doa la leseni si kidonda, alijiambia.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mume alikwenda kupima madirisha ya nyumba mpya ya jirani. Mama mkwe alishuka karakana, akavuta kiti, akakaa ameipa meza mgongo.

"Chukua kikata kioo," alisema. "Gonga kile kioo kilichoegemea ukutani. Usiniambie wakati gani."

Mkwe alisimama na kile chuma mkononi. Alitamani aangushe kitu, au mtu aje aulize bei. Hakuja mtu. Akagonga. Kioo kikalia, mlio safi kabisa, ukazunguka karakana nzima. Mabega ya mama mkwe hayakutikisika.

"Umegonga?"

"Nimegonga, mama."

"Haya, gonga tena."

Akagonga kwa nguvu zaidi. Mama mkwe alikuwa anatazama mlangoni, mahali jua lilipoishia sakafuni, kama mtu anayesubiri basi. Baada ya muda aliuliza tena kama amegonga. Mkwe alizunguka mbele yake na kupiga magoti pale penye jua, akainamisha kichwa.

"Basi usilie," alisema mama mkwe. "Wa kulia ni mimi, na mimi nina kazi. Ulijua?"

"Nilijua jana, mama."

"Ndiyo maana unataka kulipa."

Mama mkwe aliushika mkono wake, akavifungua vidole, akakitoa kile kikata kioo na kukiweka mezani. Ndipo akamweleza, kwa sauti ya kawaida, kwamba milio myembamba ndiyo iliyotangulia kumpotea. Sauti za watu anazisikia vizuri, honi anazisikia, hata vigelegele vya wale wajinga anavisikia. Kilichopotea ni kile kimoja tu alichokuwa anakihitaji. Alipogundua alijipa dawa ya kuweka kiganja kwenye bati, na kiganja kilimsaidia. Akajidanganya kwamba kinatosha. Jana, alisema, alipoiona kabari inaning'inia na wagonjwa wanapita na ndugu zao chini ya kioo kile, alijua kwamba kiganja kinasikia nusu tu.

"Na wewe usingekuwepo pale," alisema, "ningekuwa na boksi mapajani, peke yangu, naendesha huku nalishikilia. Ningepita moja kwa moja."

"Lakini mama, wakikuuliza..."

"Wataniuliza, nitawajibu. Unataka ulipe faini kwa kusimama? Ukilipa, kesho kutwa utausikia mlio mahali pabaya, utakumbuka ile karatasi, utasema ngoja nisogee kidogo. Hako kakidogo ndiko kanakoua watu. Mimi nimekufundisha kusimama. Sitaki mtu akufundishe kitu kingine."

Mume aliporudi alikuta uamuzi umekwisha kupita. Mama yake alimwambia wanakwenda kupinga, na alimwambia pia kwa nini hakusikia. Yeye aliyekuwa na maneno mengi jana yake alikaa juu ya rundo la mbao, akageuzageuza futi yake ya kupimia mkononi. Mwishowe aliuliza, kwa sauti ndogo, kama hakuna njia ya kupinga bila mama kutajwa. Mama yake akamwambia ipo, nayo inaitwa uongo, na kwa uongo wangeanza zamani wakawa matajiri.

Asubuhi wakaenda. Mama Harusi ndiye aliyeendesha. Alivaa kitenge chake kizuri, akafungua vioo vyote viwili, akaushika usukani kwa mikono yote miwili maana nyuma hapakuwa na kitu. Mkwe alimtazama kwa pembe ya jicho njia nzima. Aliangalia jinsi gia ilivyoingia bila kelele, jinsi breki ilivyokanyagwa kabla mtu mwingine hajaona sababu ya kukanyaga, jinsi alivyompisha mwendesha baiskeli aliyelemewa na magunia na kumngojea mpaka apande ukingo wa barabara. Dereva mmoja alipita akimwimbia. Mama Harusi akampungia mkono kama malkia.

Ofisi ya malalamiko ilikuwa chumba chenye benchi, feni iliyoinama upande mmoja, na meza ya mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliisoma ile faini, akamtazama mkwe na kumwambia aeleze.

Mkwe alitazama vidole vyake. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale kando, mgongo umenyooka, hana habari ya kumsaidia, anangojea kama alivyokuwa akingojea mtaani siku zile za kioo cha kabati. Mkwe akajikaza. Alisema aliusikia mlio baada ya tuta. Alisema kioo kililia upande wa kushoto chini, na alisimama kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, na waliposhuka walikuta kabari ya kushoto chini imetoka. Alipomaliza alishangaa kuona ameinua kichwa.

Afisa akarudi kwenye karatasi. "Hapa imeandikwa mama yako hakusikia."

"Ni kweli," alisema Mama Harusi. "Sikusikia."

"Sasa mama, mmoja anasema kililia, mwingine anasema hakikulia. Mimi nimwamini nani?"

"Mwamini yeye. Mimi sikusema hakikulia. Nilisema sikusikia, kwa sababu masikio yangu hayaupati tena mlio ule. Kabari niliikuta imetoka, nikairudisha kwa mkono huu. Kijana wako aliniuliza mimi kwa sababu mimi ni mtu mzima na huyu anaona haya. Lakini mwenye masikio ni huyu."

Feni ilizunguka. Afisa alivua miwani, akaishika kwa uzi wake. Aliuliza, safari hii kwa sauti ya mtu anayeongea na mama yake, kama bado anaendesha.

"Nimeendesha mpaka hapa kwenye geti lenu," alisema Mama Harusi. "Kubeba vioo nimeacha jana."

Alilisema kama mtu anayetaja bei, bila kupandisha wala kushusha sauti. Mkwe ndiye aliyelazimika kugeuka ukutani. Hakuwahi kumwona mtu akitua mzigo wa miaka yote hiyo kwa wepesi namna ile, mbele ya mgeni, ili karatasi ya mtu mwingine isiwe na doa.

Afisa alivaa tena miwani yake. Kisha akasema mzigo uliolegea ni sababu halali, na kwamba askari wake angetakiwa kuzunguka nyuma akatazame kabla ya kuandika. Akapiga mstari juu ya faini, akagonga mhuri. Akamshauri mama akapimwe masikio kabla hajaendesha tena gari la aina yoyote, na Mama Harusi akasema atakwenda, na kwa kuwa alisema, mkwe alijua atakwenda. Walipoaga, afisa alisimama. Hakuwa amesimama walipoingia.

Nje jua lilikuwa limepanda. Walifika kwenye pikapu wote wawili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza wakagongana bega kwenye mlango wa dereva. Mama mkwe alicheka, akazunguka upande wa pili, akapanda, akaweka mkoba wake mapajani.

Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu yake mirefu. Siku zote mkwe alikisogeza mbele ili aendeshe, na akimaliza alikirudisha kilipokuwa, kwa heshima. Alikisogeza. Akarekebisha kioo cha pembeni, akawasha gari, akaingia barabarani taratibu, akitazama kila shimo, macho yanamwuma kwa machozi aliyoyazuia.

Walikwenda hivyo mpaka basi likawapita, baiskeli ikawapita, na mzee mmoja aliyekuwa akitembea kwa mkongojo akakaribia kuwapita.

"Mwanangu," alisema Mama Harusi.

"Naam, mama."

"Nyuma kuna nini?"

Mkwe alitupa jicho kwenye kioo. "Hakuna kitu, mama."

"Basi kanyaga mafuta, mume wako ana njaa."

Mkwe akacheka, akabadilisha gia, na pikapu ikaongeza mwendo.